Jumamosi: injini za ndege kongwe, Science Museum

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi tukutane kupiga picha, saa nne asubuhi mlangoni pa Science Museum, London. Kuingia ni bure, ila kila mtu akate tiketi yake mtandaoni mapema. Tutapanda moja kwa moja hadi ghorofa ya tatu, kwenye ndege.

Naomba tusikimbilie Spitfire, ile ndege ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia, ingawa najua inavuta. Tuanze na injini za rotari za enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, zile ambazo silinda zenyewe huzunguka pamoja na rafadha (pangaboi la ndege) huku krenkishafti, yaani mhimili mkuu wa injini, ikiwa imetulia. Mapezi ya kupozea silinda hizo ni membamba mno, na hapo ndipo picha ilipo. Sogea karibu, tafuta mwanga wa ubavuni, weka tundu la lenzi f/8, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Flashi zimeni, huacha doa jeupe tu. Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, itawafaa kwenye vioo. Kwenye chuma kitupu haisaidii sana.

Kisha Gloster E.28/39, ndege ya kwanza ya jeti ya Uingereza, iliyoruka Mei 1941 kwa injini ya Frank Whittle. Hiyo naipenda kupita zote.

Tripodi ziacheni nyumbani. Mnaotoka Leicester, nijulisheni treni yenu inafika saa ngapi.