Zuhura, mwandike Salim

Langoni, Lamu
Oktoba 2023

Shoga yangu Zuhura,

Assalam aleykum, na salamu nyingi kwa mumeo na kwa huyo binti yetu, nasikia ashaanza kutembea, maa shaa Allah. Huku sote wazima, mama anakusalimu sana anauliza utakuja lini, kusi limekwisha na bahari imetulia kwa hivyo huna sababu.

Voisi yako nimeisikia yote, nikairudia tena usiku watu washalala, nikaona hii siwezi kukujibu kwa voisi, mambo ni mengi na nataka uwe nayo mahali unaweza kurudi ukasoma, na mumeo pia asome. Kwanza nimefurahi. Mnataka kujaribu loto ya grin kadi mwaka huu, ile bahati nasibu ya kupata visa ya kuhamia Marekani, jaribuni, mimi nitasimama na nyinyi mpaka mwisho. Lakini hilo alilokwambia yule bwana wa saiba, wa duka la intaneti huko Malindi, kwamba mwanao Salim asiandikwe kwenye fomu ati kwa sababu haishi na nyinyi na ati faili itakuwa nyepesi, hilo hapana. Hapana kabisa Zuhura. Hata usiposoma kwengine kote soma hapa, Salim aandikwe.

Wajua hapa dukani kila ikifika Oktoba watu wanakuja kujaziwa hizi fomu, wa hapa mjini, wa Shela, wa Matondoni, wengine wanatoka mpaka Faza na Kizingitini, kwa hivyo yale maagizo ya Wamarekani mimi huyasoma yote kila mwaka kabla sijamgusia mtu jambo lake. Na hapa hawakuacha pa kujificha. Uandike mume wako, na watoto wako wote walio hai ambao hawajafika miaka 21 na hawajaoa wala kuolewa. Wote. Uliowazaa, uliowaasili kisheria, na wa kambo. Hata kama mtoto hakai na wewe, hata kama huna nia ya kwenda naye, hata kama yule uliyezaa naye mshaachana zamani. Wanaoachwa nje ni wale tu ambao tayari ni raia wa Marekani au wana ukaazi wa kudumu kule, na Salim wetu yuko kwa nyanyake Matondoni.

Sasa fikiria umemuacha, halafu Mungu akajalia ukachaguliwa. Hakuna atakayekuuliza wakati huo, fomu inapita tu, kompyuta haimjui Salim. Utakwenda mbele, utajaza ile fomu ya pili ndefu wanayoita DS-260, utapimwa afya, mtafunga safari mpaka ubalozi wa Marekani pale Gigiri, Nairobi, kwa intavyu, utalipa ada, na pale mbele ya ofisa unaapa halafu ndo unaulizwa una watoto wangapi. Ukisema mmoja umeapa uongo juu ya mwanao mwenyewe. Ukisema wawili ataangalia ile fomu ya kwanza aone mmoja, na hapo safari inakufa, na haifi yako peke yako, ni ya mumeo na ya mtoto pia, na pesa hazirudi. Na hata tuseme umepita, je siku utakapotaka kumwita Salim umpeleke shule huko, utawaambia ni nani yako? Wewe mwenyewe ushaandika kwamba hayuko.

Lakini mimi nakujua, na naona hiyo ya faili nyepesi sio inayokusumbua hasa. Unaogopa babake Salim akisikia ataleta fujo, na unaogopa mamako atadhani unataka kumnyang'anya mtoto aliyemlea tangu ana miezi. Hayo nayaelewa wallahi, na siyachukulii madogo. Ila kumwandika si kumchukua. Jina kwenye fomu halimtoi Matondoni, linasema tu kwamba huyu ni mwanangu. Kama siku moja utataka kwenda naye basi hapo itabidi kukaa na babake mzungumze na akubali kwa maandishi, na hilo ni jambo la mwaka kesho au zaidi. Mamako niachie mimi nitamweleza, ananisikiliza.

La pili, na hili sijui kwa nini huyo bwana hakukwambia kama kweli anaijua kazi yake. Anataka kujaza kwa jina la mumeo peke yake. Mumeo mtu mzuri sana na kazi yake ya boti pale Marine Park anaifanya kwa bidii, lakini shule aliishia la nane, na hii loto inataka yule mwenye fomu awe amemaliza sekondari, au ndani ya miaka mitano iliyopita awe amefanya miaka miwili kazi ambayo yenyewe inataka mafunzo au uzoefu wa miaka miwili au zaidi. Kazi ya boti kwa ninavyoijua orodha yao haimo. Kwa hivyo akishinda yeye mtafurahi, mtapigiwa vigelegele, halafu mtatumia pesa zote mpaka Nairobi kuambiwa hafai. Wewe una fomu foo. Jaza wewe kwa jina lako, yeye aingie kama mume wako, na visa yake inatoka kupitia yako. Mume na mke wanaruhusiwa kila mtu kujaza yake, hilo si kosa, kosa ni mtu mmoja kujaza mara mbili, hapo wanazitupa zote. Lakini yake mimi naona haina faida, nguvu zote tutie kwenye yako.

Na hapo ndo nakuomba ukachukue cheti chako cha KCSE, kile cha kumaliza fomu foo. Najua kiko shuleni mpaka leo kwa sababu ya lile deni la fee, na najua unaona haya kurudi pale, lakini nenda, ongea nao ulipe kidogo kidogo, maana wakati wa kujaza hawakiulizi ila kwenye intavyu bila cheti mkononi hakuna mazungumzo. Pia kile cheti chako cha talaka ya ndoa ya kwanza, kama kwa Kadhi hukukichukua basi kichukue sasa, na cha ndoa ya sasa kiwe cha kuandikishwa sio ile karatasi ya harusini tu. Salim naye alizaliwa nyumbani, cheti cha kuzaliwa hana, hiyo inaombwa kama usajili wa kuchelewa na huchukua muda, na wajua vile watu wa huku kwetu tunavyoulizwa makaratasi mpaka ya babu kila tukiomba kitu, kwa hivyo tuanze mapema hata kama loto yenyewe haitoki. Mtoto anahitaji cheti chake hata kwa shule tu.

Majina yafuate kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Usiandike Zuhra pahali na Zuhura pahali.

Picha ni rahisi lakini inawaangusha wengi. Ukuta mweupe nyuma, uso wote uonekane, utoe miwani, filta usitie hata kidogo, na iwe ya miezi sita hii, usinitumie ile ya idi ya mwaka juzi uliyopendeza. Mtandio hakuna shida, wanaruhusu wa dini, ila ninja, nikabu ile, utoe, uso uwe wazi. Binti aangalie kamera macho wazi na mkono wako usionekane umemshika. Mimi nitazikata ziwe pikseli 600 kwa 600 na zisipite kilobaiti 240.

Sasa huyo bwana. Anataka elfu tatu ya kujaza na elfu ishirini ukishinda, na anataka kutumia imeili yake na nambari abaki nayo yeye. Zuhura, mwaka huu wa 2023 kujaza ni bure. Serikali ya Marekani mwaka huu haitozi hata senti kwa kujaza, ni tovuti yao moja tu, ile inayoishia na .gov, na nusu saa imekwisha. Ukimaliza inatoka nambari ya uthibitisho, na hiyo ndo kila kitu, kwa sababu hawampigii mtu simu na hawaandikii mtu imeili kwamba ameshinda, unaingia mwenyewe ukaangalia kwa hiyo nambari. Sasa akiwa nayo yeye, wewe umeshinda yeye ndo anajua, na atakuuzia ushindi wako kwa bei anayotaka. Huku tumewaona walioambiwa wamwongeze mtu wasiyemjua kama mume ndo wapewe nambari yao. Kwa hivyo imeili iwe yako, nambari uipige picha na uiandike kwenye daftari, na akija mtu na ujumbe wa hongera umeshinda tuma pesa, huyo ni mwizi.

Mama mkwe wako kuuliza kama hii si kamari, ni swali zuri wala usimkasirikie. Mwambie huweki kitu, hakuna pesa ya mtu unayoila, unaandika jina na kompyuta inachagua. Mimi si mwanachuoni, akitaka roho itulie amuulize maalim wake, lakini mimi roho yangu iko sawa nalo.

Fomu zinafungwa tarehe 7 Novemba 2023, saa sita mchana saa za Washington, kwetu ni saa mbili usiku. Lakini usingoje siku hiyo, watu wote wanajazana na tovuti inakwama. Majibu ni tarehe 4 Mei 2024.

Na pesa nakwambia sasa ili msije mkashtuka, maana hapa ndo wengi wanaachia njiani hata baada ya kuchaguliwa. Ada ya visa ni dola 330 kwa kila mtu na hata mtoto mchanga analipa sawa na mkubwa, kwa dola ya sasa ni karibu elfu hamsini kwa kichwa, nyinyi wanne ni kama laki mbili. Hapo bado daktari, bado tiketi, bado kulala Nairobi. Halafu kuchaguliwa si kupata. Wanachagua zaidi ya watu laki moja dunia nzima na visa hazizidi 55,000, kwa hivyo mwenye nambari kubwa ya foleni, ile anayopewa mtu akichaguliwa, anaweza asiitwe kabisa, na ikifika tarehe 30 Septemba 2025 mlango umefungwa, hakuna kusogeza mbele. Mwaka 2020 walikuwepo watu wameshachaguliwa, korona ikafunga balozi, Trump akatia saini amri ya kuzuia visa za uhamiaji, Septemba ikafika wakabaki na karatasi. Sikutishi. Nataka tu usiuze kile kiwanja cha mamako wala mumeo asiuze injini ya boti mpaka uwe na visa ndani ya pasi. Wekeni kidogo kidogo kuanzia sasa, ikitoka sawa, isipotoka mnazo.

Kwa hivyo hivi. Jumamosi hii naenda Matondoni kwa harusi, nitampiga Salim picha na nitaongea na mamako vizuri. Wewe wiki hii nitumie kwa WhatsApp picha ya kitambulisho chako, ya mumeo, na cheti cha binti, na picha zenu tatu kama nilivyosema. Huyo bwana mwambie asante, ushapata mtu. Halafu usiku mmoja nipigie tujaze pamoja kwa simu, wewe ukiandika kwa mkono wako mimi nikikusomea, na pale kwa idadi ya watoto uandike wawili.

Busu kwa binti. Mama anasema ukija umletee halwa ya hapo Malindi.

Shoga yako,
Mwanakheri