Baba Neema, msilipe kabla hamjaona maji yake

Bukavu, Jumanne jioni

Baba Neema, ndugu yangu,

Jambo sana. Salamu kutoka Muhungu, salamu za nyumba nzima. Mama anakusalimia, na Mzee Kahasha anauliza kama goti linakuruhusu kushuka ziwani siku hizi. Tangu Pasaka hatujaandikiana, hilo tutalisema tukionana uso kwa uso. Leo naandika mbio kwa sababu Mama Zawadi ameshuka bwatoni asubuhi na habari moja tu mdomoni: Jumamosi ekipe yenu ya uvuvi huko Goma inanunua motere, injini ya mtumbwi. Ya okazio, iliyokwisha kutumika, nguvu za farasi 15, silinda 2, na mwenye kuuza anataka pesa zote mkononi siku hiyohiyo. Pesa za likelemba, mchango wenu wa kuzungushana. Watu 8.

Nafurahi, nikuambie kweli. Kupiga kasia usiku kucha na mitumbwi 3 iliyofungwa pamoja, halafu asubuhi upepo unawakuta bado mko mbali na pwani, huo ni mwili unaoisha. Lakini msilipe kabla hamjaona maji yake.

Namaanisha ule uzi wa maji unaorukia nje ubavuni motere ikiwaka, ule vijana wanauita mkojo. Ndani ya mguu wa motere, juu kidogo ya elise, ile pangaboi inayosukuma mtumbwi, kuna gurudumu dogo la mpira lenye mabawa. Hilo ndilo linanyonya maji ya ziwa na kuyapandisha kupoza silinda. Mkojo ukitoka wenye nguvu, gurudumu linafanya kazi. Ukidondoka tone tone, au ukikatika mkivuta gesi yote, yaani mwendo wa mwisho, motere inapikwa, na iliyopikwa mara moja hairudi kuwa ile ya zamani. Muuzaji atawaonyesha motere ndani ya pipa la maji, itawaka vizuri, mtapigiana makofi. Pipa halionyeshi kitu, kwa sababu hakuna mzigo. Iwekeni kwenye mtumbwi, pandeni wote, mwende nusu saa nzima, dakika 10 za mwisho gesi yote. Mmoja wenu asifanye kazi nyingine ila kutazama ule uzi.

Na mfike mapema kuliko saa mliyopatana. Gusa kichwa cha motere kwa kiganja kabla ya mtu kuvuta kamba. Kikiwa na joto, imeshawashwa kabla hamjafika, na motere inayowaka ikiwa moto haijawaambia kama itawaka saa 10 za usiku katikati ya ziwa, ikiwa baridi.

Kabla ya kuiteremsha majini, fungueni skrubu ya chini ya mguu, mwache mafuta ya gia yatoke kidogo kwenye kikombe. Yakiwa na rangi ya mafuta, sawa. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, na karibu kila mara njia yake ni ile sili, pete ya mpira ya kuzuia maji, nyuma ya elise. Sisi wavuvi ndio tunaiua wenyewe: nailo au uzi wa wavu unajizungusha kwenye ekseli, unajibana nyuma ya elise, unakata mpira wa sili polepole, na hakuna anayeona kwa sababu umefichika. Toeni elise mtazame hapo. Baadaye, kila mwezi mtoe tena. Mkirudisha mafuta, yajazwe kutoka tundu la chini hadi yachuruzike tundu la juu, mfunge la juu kwanza, halafu la chini. Mkijaza kutoka juu hewa inabaki ndani, na gia zinasagana.

Mkiwa na elise mkononi, angalieni pia mpira ulio katikati yake. Ukilegea, motere inapiga kelele kubwa na mtumbwi hauendi. Pigeni mstari wa rangi kuanzia chuma cha ndani hadi kwenye mwili wa elise, mrudishe, mwende kwa nguvu, mtazame tena. Mistari ikiachana, elise imekwisha, na bei ipunguzwe.

Bujie, zile plagi za kuwasha moto, nazo zitolewe zote mbili. Kahawia kama kahawa ya maziwa, nzuri. Nyeusi na yenye mafuta: esanse (petroli) nyingi au wile (mafuta ya kulainisha) nyingi. Nyeupe kavu: esanse ni kidogo, imeungua, hapo muwe na woga. Kama fundi ana kipimo cha kompresio, mgandamizo wa ndani ya silinda, namba za silinda mbili zikaribiane. Moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya sehemu 1 ya 10, mwachieni motere yake.

Hizo bujie nyeusi lakini zisiwatishe haraka, maana hapa kwetu kuna sababu nyingine. Ziwa letu la Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, motere iliyopangwa kwa ajili ya pwani inakunywa esanse ileile na hewa pungufu, basi inasongwa na kutoa moshi. Zile farasi 15 mtazilipia zote, ila mtapata kama 13 tu. Sambaza, samaki wetu wadogo, zililetwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, zikajizoesha zenyewe. Motere haijizoeshi, inahitaji mkono: fundi abadilishe jikleri, kale katundu ka shaba ndani ya karburateri, aweke kadogo zaidi kidogo. Na elise iwe ya hatua (umbali inaosogea kwa mzunguko mmoja) fupi zaidi kwa inchi 1, motere iweze kufika mizunguko yake, kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika kwa motere nyingi za aina hiyo, bila kujikaza. Lakini kama siku moja mtaiuzia mtu wa Uvira, kwenye ziwa Tanganyika, mwambieni arudishe jikleri kubwa. Huko ni mita 770 hivi tu, hewa ni nzito, atatoboa pistoni.

Nimeandika mengi na bado sijamaliza na yale maji.

Kama gurudumu ni bovu na mengine yote ni mazuri, msikimbie. Ni kipande cha bei ndogo, na kazi yake ni ya saa moja. Mnafungua bolti za mguu, mnachomoa fimbo ya gia, mguu unashuka wote. Juu yake mtaona kasha la pampu, skrubu 4. Ndani kuna gurudumu, na ubavuni mwa ekseli kuna kachuma kadogo kanakolishika lisizunguke bure. Tandikeni gunia chini kabla ya kufungua, kachuma kale kakianguka kwenye mchanga mmekapoteza. Gurudumu jipya lipakwe grisi, liingizwe huku mnazungusha ekseli kulia, mabawa yalale upande wake. Kibati cha chini kikiwa na mifereji ya kukwaruzika, nacho kibadilishwe, la sivyo gurudumu jipya litakunywa hewa. Wakati wa kurudisha mguu, bomba la maji liingie sawasawa kwenye tundu lake. Wengi wanalikosea hapo, kisha wanamlaumu aliyewauzia gurudumu.

Na kabla ya kufungua chochote, chukueni kipande cha nailo ngumu mkitie kwenye tundu la mkojo. Mara nyingi ni nyigu tu wamejenga humo. Tena, lile gamba jeupe mnaloliona kwenye mawe ya pwani linaweza kujishika hata ndani ya njia za maji, basi mkojo ukizidi kuwa mwembamba mwezi baada ya mwezi ingawa gurudumu ni jipya, fungueni kichwa mkasafishe. Msiiwashe kamwe nje ya maji, hata sekunde chache za kusikia sauti. Mpira ule unalainishwa na maji yenyewe.

Mafuta: wile ya motere za maji, yenye alama TC-W3. Ile ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, inaacha majivu kwenye bujie na pistoni. Bidoni ya litre 20 inapata mililita 400 za wile. Kama motere imefunguliwa na pete za pistoni ni mpya, mililita 800 kwa saa 10 za kwanza, kisha mrudi 400. Esanse ya kadafi, wale wauzaji wa barabarani, muiache kwanza usiku mmoja kwenye chupa inayoona ndani. Maji yatalala chini, mtayaona. Kwenye tangi, skrubu ya hewa ya kifuniko ifunguliwe kabla ya kuondoka. Ile pampu ya mkono ikijikunja na motere ikifa baada ya dakika 5, sababu ni hiyo skrubu, hakuna mchawi.

Mtaifunga wapi? Mtumbwi wa katikati, najua, lakini nyuma yake umechongoka. Mtengenezewe ubao wa mbao ngumu, unene wa sentimita 4 au 5, ushikwe na bolti zinazopita upande hadi upande, misumari haitoshi. Lile bawa la bapa juu ya elise lilingane na tumbo la mtumbwi, au lishuke sentimita 2 chini yake. Likiwa juu, elise inanyonya hewa. Likiwa chini sana, mnaburuta maji bure. Funga mnyororo kutoka motere hadi mtumbwini, vibanio vinalegea kwa mtikisiko. Hata vipande vya shambreri, mpira wa ndani wa tairi, vinavyoshika miti yenu ya mikaratusi vitalegea, mvikaze kila mnapotoka. Na kabla ya kushusha wavu, motere izimwe na mguu uinuliwe. Elise moja ndani ya wavu wa sambaza, wiki nzima ya kushona.

Matengenezo yote myafanye siku za mwezi mpevu, sambaza zinapotawanyika, taa haiziiti, na ekipe inalala nyumbani. Usiihifadhi motere kwenye kile kibonde karibu na pwani mlipokuwa mnaweka kasia. Nakumbuka panapatikana mazuku hapo, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, na mlinzi mtakayemlaza humo, alfajiri ikikosa upepo, hataamka. Wekeni juu, penye hewa.

Na jile, makoti ya kuelea, Baba Neema. Tangu tarehe 3 Oktoba 2024, boti ile ya Minova ilipozama mbele ya bandari ya Kituku, sina la kukueleza ambalo nyinyi wa Goma hamkuliona. Watu 8, jile 8, zivaliwe, zisikaliwe kama mito. Ziingizeni kwenye hesabu ya motere tangu leo. Pesa zikipungua, afadhali mngoje mzunguko mmoja wa likelemba.

Sasa nijibu, Mama Zawadi anarudi kwenu Alhamisi na atangoja barua yako kwenye beach, pale bandarini. Motere yenyewe ina mguu mfupi au mrefu? Muuzaji ana karatasi zake, na namba iliyoandikwa pale inalingana na ile ya kwenye chuma? Nani atakuwa fundi wenu, yule kijana wa mtaa wa Himbi au bado mko na fundi Safari? Anakubali kwenda nanyi Jumamosi, au atakuja mkishalipa? Mmepatana nani atashika motere usiku? Na Mama Neema anasemaje? Ukipita madukani Birere, uniulizie gurudumu la pampu la farasi 15 kwa ajili ya Mzee Kahasha. Mzee alete lile la zamani kama mfano, au namba inatosha?

Nangoja Alhamisi.

Ndugu yako,
Baba Asifiwe