Baba naye afundishwe kumuuguza mtoto wa selimundu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nizungumze na wasomaji wako, hasa akina baba wenzangu, juu ya kumuuguza nyumbani mtoto mdogo mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao hapa mashariki mwa Uganda wengi wetu tunauita sikoseli. Siandiki kama mtaalamu. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakala wa forodha hapa mpakani Malaba, nina watoto watatu, na huyu ninayemzungumzia ni kitinda mimba wetu, mvulana ambaye sasa ana miaka miwili na nusu.

Alipokuwa na miezi tisa aliamka alfajiri akilia kilio ambacho hatukuwahi kukisikia. Mikono yote miwili na mguu wa kushoto vilikuwa vimevimba, ngozi ya vidole imenyooka na kung'aa, na kila tulipomgusa alijikunja kama aliyechomwa moto. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini, alidhani ameumwa na mdudu. Jirani mmoja alituhimiza tumpeleke kwa mzee fulani apigwe chale. Tulipoteza siku tatu tukimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, na siku ya nne ndipo damu yake ilipopimwa. Baadaye nilielezwa kwamba uvimbe wa namna hiyo mara nyingi ndio dalili ya kwanza, na kwamba hautokei mapema zaidi kwa sababu damu anayozaliwa nayo mtoto humkinga kwa miezi michache, kisha kinga hiyo hupungua na chembe nyekundu zenye umbo la mundu huanza kuziba mishipa midogo. Nayaandika haya kwa urefu kwa kuwa najua wapo wazazi ambao leo wanamkanda mtoto kama tulivyomkanda wa kwetu.

Majibu yalipotoka nilitamka maneno ambayo hadi leo ninayajutia. Nilimwambia mke wangu kwamba katika ukoo wetu ugonjwa huo haujulikani, kwa hiyo akautafute kwao Busoga. Mama yangu aliniunga mkono, na kwa wiki kadhaa mke wangu alimbeba mtoto peke yake kwenda hospitali na kurudi, akifika nyumbani hapati wa kumpokea hata mfuko. Daktari alipotaka nami nipimwe nilikwenda kwa shingo upande, na huko ndiko nilikoujua ukweli: sote wawili tunabeba kinasaba, yaani chembe ya urithi, cha ugonjwa huo, mimi kutoka kwa wazee wangu na yeye kutoka kwa wazee wake, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kuugua. Mtoto wetu aliupata ugonjwa kwa kuwa kila mmoja wetu alimpa nusu yake, na kwa wazazi wa namna yetu kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Wawili wa kwanza walipita salama, wa tatu hakupita. Nilimwomba mke wangu msamaha mbele ya mama yangu, na mama naye akaomba wake.

Wala nyumba yetu si ya ajabu. Utafiti uliopima damu ya watoto wachanga wapatao 97,000 kutoka wilaya zote za nchi hii, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba zaidi ya watoto 13 katika kila 100 wanabeba kinasaba hicho, na watoto saba katika kila 1,000 wana ugonjwa wenyewe. Maana yake ni kwamba katika msongamano wowote wa watu, iwe sokoni, msikitini au kanisani, wamo wengi walio kama mimi na mke wangu, na hawajui.

Mtoto wa selimundu hulazwa hospitali siku chache, lakini huuguzwa nyumbani kila siku ya maisha yake. Kwetu siku huanza kwa penisilini, ambayo hurudiwa jioni na itaendelea hivyo hadi atimize miaka mitano, kwa sababu bandama lake haliwezi tena kumkinga dhidi ya vijidudu vya nimonia na vya homa ya uti wa mgongo. Hufuata foliki, ambayo ni vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, kisha dawa ya kuzuia malaria kwa tarehe zake, na haidroksiyurea, dawa ambayo mwanzoni tuliiogopa kwa sababu tulisikia hutumiwa pia na wagonjwa wa saratani. Hofu hiyo ilinitoka nilipofahamu kwamba ilijaribiwa hapa hapa kwetu: hospitali ya Mulago jijini Kampala, kwa watoto wadogo wasiozidi miaka minne, ambako ilionekana kwamba haiwazidishii malaria, kisha Mbale, mojawapo ya vituo vinne vya Afrika vilivyoshiriki utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2019, ambao ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, na malaria, na haja ya kuongezewa damu, na hata vifo. Nayo haimalizi kazi. Asinyeshewe, asilale bila chandarua, asikose maji. Binti yetu mkubwa, mwenye miaka minane, ndiye aliyejipa jukumu la maji: kila kikombe anachokunywa mdogo wake huchora mstari mmoja wa chaki nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, na usiku huihesabu mistari hiyo kwa sauti kabla ya kuifuta.

Ugonjwa huu haukumgusa mtoto peke yake. Mke wangu alikuwa akiuza nguo za mitumba sokoni. Kibanda amekiacha, kwa sababu huwezi kumwahidi mteja wakati hujui kama Jumanne utakuwa sokoni au wodini. Mtoto wetu wa kati, mwenye miaka sita, aliwahi kumwuliza mama yake kama na yeye akiumwa miguu atabebwa. Swali hilo lilitutoa machozi sote wawili. Tangu siku hiyo kila jioni ninayokuwa nyumbani nimejifunza kukaa naye peke yake, japo kwa muda wa kula muwa mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka jana mke wangu alifiwa na shangazi yake, akaenda Iganga kwa mazishi, akaniachia mtoto kwa siku mbili. Alikuwa ameniandikia dawa zote kwenye karatasi pamoja na saa zake, nami nilizifuata. Usiku wa kwanza mtoto alikataa uji, akawa ananing'inia begani kwangu bila kulia. Nilimpima joto, halikuwa kubwa. Kwa kuwa tuliambiwa tukimbilie hospitali joto likifika 38.5, nilijiona salama, nikamlaza. Binti yangu ndiye aliyekuja kando ya kitanda akasema, "Baba, mama humshika hapa," akaweka vidole vyake chini ya mbavu za kushoto za mdogo wake. Nikaweka vyangu. Palikuwa na kitu kigumu, kikubwa kuliko kiganja cha mtoto, na nilipoivuta chini kope yake kwa mwanga wa simu, ndani palikuwa peupe. Bandama lilikuwa limenyonya damu yake na kuizuia humo. Hali hiyo huweza kumuua mtoto kwa saa chache. Nilimwacha binti yangu na mtoto wetu wa kati kwa jirani, nikapanda boda boda na mtoto kifuani, barabara ya Tororo ikiwa imejaa malori kama kawaida yake, na kabla ya mapambazuko alikuwa ameongezewa damu.

Mtoto wangu aliokolewa na dada yake wa miaka minane, aliyejifunza kwa kumtazama mama yake. Mimi, baba yake, sikujua. Mke wangu alifundishwa kulipapasa bandama na muuguzi mwema sana, aliyemshika mkono na kumwonyesha linapoanzia na linapoishia. Lakini siku hiyo mimi nilikuwa kazini, kama nilivyokuwa kazini siku zote za kliniki. Wala sikuwahi kuitwa. Kadi ya mtoto ina jina la mama na namba ya simu ya mama. Kwenye mabenchi ya kituo tunachohudhuria wamejaa akina mama na mabibi, na baba akitokea, huulizwa kama ameleta mgonjwa kutoka ajalini. Silaumu wahudumu, ambao ni wachache na watoto ni wengi. Nasema tu kwamba maarifa yanayomweka mtoto hai yamehifadhiwa kwa mtu mmoja katika kila nyumba, na mtu huyo naye huchoka, huugua, hujifungua, hufiwa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi mkono mmoja utawezaje kumuuguza?

Upande wa pili wa tatizo uko kazini. Niliporudi ofisini baada ya siku tano za wodini, nilikuta siku hizo zimekatwa kwenye mshahara, na aliyenikata aliniuliza swali moja tu: mama yake yuko wapi? Nilikwenda kuisoma Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, inampa baba siku nne za kazi mkewe anapojifungua, na mfanyakazi akiugua mwenyewe inamlinda kwa mshahara kamili katika mwezi wa kwanza. Humo sikuona hata siku moja iliyotengwa kwa mzazi ambaye anayeugua ni mtoto wake. Hubakia likizo ya mwaka, ambayo ni lazima mkubaliane na mwajiri lini utaichukua, na maumivu ya selimundu hayapangiki. Nawaomba wabunge wetu walitazame jambo hili. Hata siku kumi kwa mwaka, kwa mama au kwa baba, zikithibitishwa kwa barua ya daktari, zingeuondoa uongo tunaolazimika kuusema kila mara kwamba tunaumwa sisi.

Naongeza ombi dogo kuhusu lugha. Karatasi ya maelezo tuliyopewa, yenye dalili za hatari na vipimo vya dawa, iliandikwa kwa Kiingereza pekee. Mke wangu huzungumza Kisoga, mama yangu Kijapadhola, jirani yetu Kiteso, na lugha inayotukutanisha sote uani ni hii tunayoandikiana hapa, ambayo Katiba yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2005, imeitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Karatasi hiyo ingekuwa kwa Kiswahili, mama yangu angeisoma mwenyewe, na jirani anayebaki na mtoto angejua kwa nini hatukubali alale mchana kutwa bila kunywa maji. Angejua pia kwamba mofini ya maji anayopewa mtoto maumivu yakizidi si sumu wala ulevi. Nchi hii ilikwisha kuwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika dawa hiyo tangu mwaka 2004, na bado nyumbani kwangu ilifichwa kabatini usiku mzima wakati mtoto analia, kwa sababu aliyekuwa naye aliogopa jina lake.

Kwa akina baba nina machache. Mkapimwe, ikiwezekana kabla ya ndoa, na kama mmekwisha kuoa na kuzaa, mkapimwe hivyo hivyo. Mjue dozi za mtoto kwa kichwa. Mwombeni mama wa mtoto awawekee vidole mahali bandama lilipo siku ambayo mtoto ni mzima, ili siku akiwa mgonjwa mjue kilichobadilika.

Kwa vituo vya afya naomba jambo moja: iandikwe kwenye kadi namba ya simu ya baba pamoja na ya mama, na baba aitwe kwa jina lake walau siku moja kila baada ya miezi mitatu, ikiwezekana siku ya Jumamosi, kwa kuwa wengi wetu tunafanya kazi za vibarua na za zamu. Asiwekwe nyuma ya chumba kusikiliza hotuba. Apewe mtoto wake mikononi, alitafute bandama mwenyewe mbele ya muuguzi, apime penisilini kwenye bomba la sindano, kisha aulizwe maswali. Kituo chochote cha wilaya yetu kitakachoanza utaratibu huo, mimi nitafika siku ya kwanza, na ninao akina baba wenzangu wanne hapa Malaba ambao wameniahidi kwamba tutapanda gari moja.

Wako,
Baba wa watoto watatu,
Malaba, Wilaya ya Tororo