Tunakutana Jumamosi nyumba ya Bibi, si Jumapili

Shikamooni wakubwa zetu. Wadogo, hamjambo?

Fundi wa paa anaanza Jumatatu, kwa hiyo tukutane Jumamosi hii saa 3 asubuhi palepale nyumbani. Samahani kwa kuwageuzia siku.

1. Picha kwanza: kila chumba, kila mlango, kabla kitu hakijang'olewa. Milango na madirisha viandikwe namba kwa chaki ili virudi mahali pake.

2. Ukuta wa sebuleni: naomba sana, saruji hapana. Najua inakauka upesi, na najua nani anaipenda 😀. Ukuta ule ni wa mawe na chokaa, unyevu wake hutoka kupitia chokaa. Saruji inauziba ndani, ndiyo maana kile kiraka cha zamani kinabanduka kila mwaka. Tutapiga lipu ya chokaa, kipimo 1 kwa 3 vya mchanga. Njooni na glavu na miwani, chokaa inaunguza macho.

3. Shangazi atatusimulia nani alilala chumba gani. Nahitaji mtu wa kurekodi sauti.

4. Barua na picha za kabatini: msitupe hata kikaratasi.

Mchango wa mbao za paa mwisho Ijumaa saa 12 jioni, kwa mweka hazina wetu. Aliyekwama anitafute pembeni, tutaelewana.

Nijibuni kabla ya Alhamisi usiku: NAKUJA au SIJI, na kazi namba ngapi.