Shukrani kwa mzee wa ukuta wa mji wa Xi'an, China

Mzee wetu wa Lango la Kusini, ambaye jina hatukulipata, asante sana. Wengi hupita juu ya ukuta huu wa enzi ya wafalme wa Ming, mzunguko wa kilomita 13.7, wakidhani ni matofali matupu. Wewe ulitufafanulia: ndani ni udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, na tabaka la chini kabisa limechanganywa na chokaa na uji wa mchele unaonata. Matofali ni ganda la nje. Adui mkubwa ni maji. Kiungo kati ya matofali kikiachia, mvua hupenya, udongo hulainika, ukuta hubomoka. Ndiyo maana kuna mifereji upande wa ndani. Na ile minara ya ubavuni imeachana mita 120 ili mishale ya pande mbili ikutane katikati. Mungu akuzidishie afya.