Kabla ya kununua busta, pima waya kwanza

Mhariri,

Redio ya FM ikianza kukwaruza, wengi hukimbilia dukani kununua busta, kifaa cha kukuza mawimbi ya antena. Sisi mafundi tunakiona kifaa hicho kuwa cha mwisho kununuliwa, na mara nyingi hakihitajiki kabisa.

Busta haichagui. Hukuza kituo unachokitaka pamoja na uchafu wote ulionaswa na antena. Kazi yake hasa ni kufidia mawimbi yanayopotea kwenye kebo ndefu au yanayogawanywa kwa redio kadhaa, ndiyo maana hufungwa karibu na antena, si nyuma ya redio. Kebo nzuri ya TV yenye urefu wa mita 10 hupoteza chini ya desibeli 1 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) katika masafa ya FM, yaani kidogo tu. Hapo unafidia nini? Anayeishi karibu na mnara ndiye hujiharibia zaidi: redio huelemewa, na kituo kimoja kikaanza kusikika hata kwenye masafa yasiyo yake.

Anza na mahali. Mawimbi ya FM, megahezi 87.5 hadi 108, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kilima, bati na zege lenye nondo huyadhoofisha. Weka antena juu, kwenye dirisha linaloelekea mnara, mbali na vyuma vya dirisha. Ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta na kurudi, yakakutana na mengine na kufutana. Kuisogeza antena nusu mita tu kunaweza kukirudisha kituo kilichopotea.

Antena ya kujitengenezea ni nyaya mbili za shaba. Gawanya 143 kwa masafa ya kituo chako, nawe utapata urefu wa antena nzima kwa mita. Kwa megahezi 98 ni mita 1.46, yaani sentimita 73 kila upande. Menya sentimita 3 za mwisho wa kebo ya TV, sokota wavu wake (nyuzi nyembamba za nje) uwe uzi mmoja, kisha lehemu waya mmoja kwenye kiini (waya wa katikati) na wa pili kwenye wavu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: unyuzi mmoja wa wavu ukigusa kiini, antena imekufa ingawa kwa macho inaonekana safi. Kabla ya kuzungushia utepe, pima kati ya kiini na wavu kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye mlio. Ikilia, kuna mguso. Nyoosha nyaya mbili hizo kwenye mstari mmoja, na kebo ishuke wima kutoka katikati yake.

Ikilazwa, antena hii hunasa vizuri kwa ubavu na vibaya kwa ncha, hivyo ubavu ndio uelekee mnara. Pia jaribu kuisimamisha wima, kwa kuwa si vituo vyote vinavyorusha mawimbi kwa mlalo. Redio ndogo isiyo na tundu la antena, vuta ile yake mpaka mwisho. Urefu wa sentimita 75 hivi unatosha.

Mkwaruzo ukibaki, washa redio ya betri na uzime kimoja kimoja: chaja za simu, taa za LED, king'amuzi. Chaja za bei rahisi ndizo tunazozishuku kwanza. Kisha badilisha kutoka stirio (sauti tofauti kwa spika mbili) kwenda mono (sauti moja). Stirio hudai mawimbi yenye nguvu zaidi sana kuliko mono, na kituo cha mbali kilichokuwa kikikwaruza mara nyingi hutulia papo hapo, bila gharama yoyote.

Anayebaki na haja ya busta baada ya hayo asome kwanza masafa yaliyoandikwa juu yake. Baadhi ya busta za TV zina kichujio kinachozuia FM kwa makusudi, na ukiifunga hiyo, redio itasikika vibaya kuliko ulivyoanza.

Mafundi redio