Kwa mtoto wa ami aliyeondoka Maskati bila kuniaga

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Shangazi ananiambia kwamba bado unasimulia huko Tanga jinsi nilivyokunyang'anya funguo za gari mbele ya mkeo na mkweo, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nimeona nikujibu hapa, mbele ya kadamnasi.

Nyumba ilichangamka ulipokuja, na mama hajacheka vile tangu baba afariki. Lakini tangu dereva wa teksi alipokuamkia kwa Kiswahili, na muuza ubani wa sokoni Mutrah akakujibu kwa lafudhi ya Unguja, ulijiona umefika kwenu, ukaacha kuuliza. Wageni wengi huharibu kwa kutojua; wewe uliharibu kwa kudhani unajua. Mgeni ni kuku mweupe hata akiwa na ndugu mjini.

Mnadani Nizwa, Ijumaa ile asubuhi, watu wakizungusha mbuzi mbele ya wanunuzi, ulimsogezea simu usoni bibi mmoja aliyevaa barakoa, na alipojifunika kwa shela ukaendelea kupiga picha. Radhi nilimwomba mimi. Kule Birkat al-Mouz ukabishana na polisi waliokukatalia kupanda mlima wa Jabal Akhdar kwa gari dogo, ilhali hapiti mtu pale bila gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Hayo niliyameza.

La wadi, yaani bonde la mto mkavu ambalo hujaa maji ghafla, sikuweza. Tulikuwa kwenye njia ya pembeni kutoka Al Hamra, jua linawaka, na mbele yetu maji ya rangi ya udongo yalikuwa yamekwisha kufunika lami na kuanza kupanda kwenye nguzo za kupimia kina. Ukasema mbona mvua hakuna. Mvua ilikuwa imenyesha juu, kwenye milima ya Hajar, ambako miamba haina udongo wa kuyanywa maji, kwa hiyo yote huteremka kwa pamoja na kuwafikia watu waliosimama chini ya anga safi. Maji ya sentimita 30 tu yanaweza kuliinua gari dogo. Wanao walikuwa wamelala kiti cha nyuma, nawe ukatia gia. Ulitaka nikuombe kwa upole? Niliuzima moto, nikachomoa funguo, nikashuka nazo. Na kama ingekuwa leo, ningezichomoa tena, hata mbele ya ukoo mzima.

Unasema nilikuvunjia heshima kwa kuwa mimi ni mwanamke na wewe ndiye uliyelikodi gari. Sheria ya hapa humwadhibu dereva anayevuka wadi kwa makusudi na kuhatarisha maisha ya watu, na haiulizi nani kalikodi. Hilo nilikueleza tangu uwanja wa ndege, kama nilivyokueleza habari za picha, ukaniambia nimekuwa Mwarabu. Neno lile liliniuma kuliko kuondoka kwako alfajiri, mama akiwa bado hajamaliza kukufungia halua.

Yale maji yalipungua kabla ya magharibi, tukavuka salama, na mwanao mdogo alilala mapajani mwangu hadi Maskati. Halua yako iko kabatini. Akija shangazi nitampa akuletee, lakini ningependa uje uichukue mwenyewe, na gari nitaendesha mimi.

Dada yako